Familia iendayo Paris ichague mtaa kwanza, Mnara baadaye

Mhariri,

Katika kurasa zenu za safari mlichapisha hivi karibuni ushauri kwa familia zinazopanga kuitembelea Paris wakati wa likizo za shule. Ushauri huo ulisimama juu ya nguzo mbili: mwenye uwezo atafute chumba kinachotazamana na Mnara wa Eiffel, na asiye na uwezo atafute hoteli ya bei nafuu jirani na kituo cha treni cha Gare du Nord. Mimi ninaishi Créteil, mji ulioko kusini-mashariki mwa Paris, na kwa kuwa nina ndugu Tanga na Mombasa, pamoja na majirani waliotoka Bukavu na Lubumbashi, kila msimu wa likizo huulizwa swali lile lile la wapi pa kufikia. Naomba nafasi niupinge ushauri wenu kwa heshima zote, kwa sababu unamfaa msafiri aliye peke yake, mwenye magoti mazima na begi moja, ilhali familia zetu husafiri na bibi, na mtoto wa kubebwa, na vijana wanaokua wanaohitaji kula mara tatu kwa siku, na mabegi ambayo hayabebeki kwa mkono mmoja.

Paris yenyewe, kwa eneo, ni jiji dogo kuliko wengi wanavyodhani. Lina kilomita za mraba 105 tu, pamoja na misitu yake miwili, na sehemu kubwa yake imezungushiwa barabara ya Périphérique yenye urefu wa kilomita 35. Wilaya zake 20 zimepewa namba kuanzia katikati na kuzunguka kwenda nje kama kombe la konokono, na tarakimu mbili za mwisho za namba ya posta hutaja wilaya, kwa hiyo 75005 ni wilaya ya 5 na 75013 ni wilaya ya 13. Anayelijua hilo hatababaishwa na tangazo linalodai kwamba nyumba iko "katikati ya jiji", kwani ataitazama anwani na kujua ukweli. Na kwa kuwa jiji ni dogo, hakuna wilaya ambayo ni ya mbali kiasi cha kuharibu likizo. Kinachoiharibu likizo ya familia, kwa jinsi ninavyoona mwaka hadi mwaka, ni ngazi.

Metro ya Paris, yaani treni zake za chini ya ardhi, ilianza kazi mwaka 1900, na katika vituo vyake vinavyozidi 300, vilivyo vingi havina lifti hata leo. Mtu hushuka ngazi kuingia, hupanda na kushuka tena akibadilisha treni, kisha hupanda ngazi kutoka, na mwenye kigari cha mtoto hulazimika kumshika mtoto kwa mkono mmoja na kigari kwa mkono wa pili huku umati ukimpita. Njia pekee ya metro yenye lifti katika vituo vyake vyote ni ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998 na kurefushwa mwezi Juni 2024 hadi uwanja wa ndege wa Orly. Mabasi ya jiji, kwa upande wao, yana sakafu ya chini na ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, na dirisha la basi huonyesha jiji wakati metro huonyesha kuta. Basi la namba 69, kwa mfano, hutoka Champ de Mars, chini ya Mnara, likapita jumba la makumbusho la Louvre na Bastille hadi Gambetta katika wilaya ya 20, na bibi aliyeketi dirishani ataona mengi bila kupanda ngazi hata moja. Ndiyo maana, mgeni akinionyesha nyumba anayotaka kuipanga, mimi kwanza huuliza kama kuna kituo cha njia ya 14, au cha basi, ambacho mwenye miguu dhaifu kuliko wote atakifikia bila kupumzika njiani.

Ngazi za ndani ya jengo zinahitaji swali la pili. Majengo mengi ya mitaa ya kati ni ya karne ya 19, hasa yale yaliyotokana na ukarabati mkubwa ulioongozwa na Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine wakati huo, kuanzia mwaka 1853, na yalijengwa kwa orofa tano, sita au saba kabla ya lifti kuwa jambo la kawaida. Lifti zilizotiwa baadaye zilibanwa katika uwazi uliokuwa katikati ya ngazi, na nyingi hubeba watu wawili au watatu, hivyo kwamba kigari lazima kikunjwe na mabegi yapande kwa zamu. Majengo mengine hayana lifti kabisa, na tangazo linaweza kulipitia jambo hilo kwa neno moja tu, chini kabisa ya ukurasa, baada ya sifa nyingi za dari za kale na sakafu za mbao. Chumba cha orofa ya juu, chini ya bati la zinki, huwa na bei ya kuvutia, lakini nyumba nyingi za Paris hazina kiyoyozi, na msomaji anayedhani kwamba Ulaya ni baridi tu akumbuke kwamba tarehe 25 Julai 2019 jiji hili lilifikia nyuzi joto 42.6. Watoto waliozoea upepo wa Pwani hawatalala katika chumba kama hicho, na wasipolala wao hakuna mtu mzima atakayelala.

Kuhusu vyumba vyenyewe, familia ya watu watano au sita ijue kwamba vyumba vingi vya hoteli za kawaida za Paris ni vidogo mno, na kwamba hoteli hazikubali kuongeza mtu zaidi ya idadi iliyopangiwa chumba, hata akiwa mtoto wa kulala na mama yake, kwa sababu idadi hiyo inahusu pia usalama wakati wa moto. Ikibidi kulala hotelini, viombwe vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, na hoteli ithibitishe kwa maandishi, kwani kuwekwa katika orofa mbili tofauti na watoto wadogo si jambo dogo. Kwa nyumba za kupanga, hesabu ya Wafaransa huingiza sebule, kwa hiyo nyumba inayotangazwa kuwa ya vyumba viwili ina chumba kimoja cha kulala, na watu wawili kati ya wanne waliotajwa katika tangazo watalala kwenye sofa linalokunjuliwa sebuleni. Mimi huwaelekeza wengi kwenye fleti za hoteli, yaani zile zenye jiko dogo, mapokezi na lifti, ambazo huweza kuazima kitanda cha mtoto mchanga na kutoa barua rasmi ya kuthibitisha nafasi. Hazina urembo wa kizamani, lakini zina sufuria, jokofu, na mara nyingi mashine ya kufulia, na familia inayopika chai na chakula cha jioni yenyewe huokoa fedha nyingi kuliko tofauti yoyote ya bei kati ya mtaa na mtaa.

Sasa nitaje mitaa, maana hapo ndipo ushauri wenu ulipokuwa mwembamba zaidi.

Kwa familia ya Kiislamu, na hata kwa isiyo ya Kiislamu yenye watoto wadogo, ningeanza na wilaya ya 5, upande wa mashariki, kati ya Place Monge na mto Seine. Hapo upo Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926 kwa heshima ya Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, wenye mnara wa mita 33, bustani, mgahawa na chumba cha chai ya mnanaa ambacho mtu yeyote huruhusiwa kuingia. Ukivuka barabara tu umefika Jardin des Plantes, bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1635, ambayo ndani yake kuna hifadhi ya wanyama ya tangu 1794 na jumba la makumbusho ambamo msafara mzima wa wanyama wa Afrika, tembo na twiga wakiwemo, umepangwa katika ukumbi mmoja. Mtoto wa Arusha atasema anawajua, na atafurahi kuwaeleza watoto wengine. Jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya majira: wanaokuja Desemba watakuta jua likichomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mahali pa kukimbilia palipo umbali wa hatua chache na penye paa huwa na thamani kuliko mandhari yoyote. Wanaokuja Juni watakuta kinyume chake, jua likizama karibu saa nne usiku, na watoto watakaogoma kulala watahitaji bustani ya jirani. Dosari ya wilaya hii ni bei, na pia kelele za usiku kuzunguka barabara ya Mouffetard, kwa hiyo aombwe mwenye nyumba kutoa chumba cha upande wa uani.

Wilaya ninayoipendekeza zaidi, ingawa sijaiona ikisifiwa katika makala zenu, ni ya 13. Sehemu yake ya kusini, kuzunguka Olympiades na barabara ya Ivry, ina majengo marefu ya miaka ya 1970, ambayo wapenda picha huyapita bila kuyatazama, lakini majengo hayo yana lifti, na kituo cha Olympiades kiko kwenye njia ya 14, ile ile yenye lifti kila kituo, inayofika Orly upande mmoja na Châtelet, katikati ya jiji, upande wa pili bila kubadilisha treni. Ni mtaa wa familia za asili ya Vietnam, Kambodia na China, na maduka yake huuza mchele wa kila aina, tui la nazi, bamia, mihogo na ndizi za kupika, kwa hiyo mama anaweza kupika wali wa nazi siku ya pili baada ya kuwasili na mtoto mgumu wa kula akaacha kulia. Kutoka Place d'Italie, katika wilaya hiyo hiyo, njia ya 6 ya metro hupita juu ya ardhi kwa sehemu kubwa ya safari, na inapovuka Seine kati ya Bir-Hakeim na Passy, Mnara wa Eiffel hujitokeza wote dirishani kwa sekunde chache. Hiyo ni tiketi ya kawaida ya metro. Nimewasikia watoto ndani ya behewa zima wakipiga kelele kwa furaha mahali hapo, na sioni kwa nini familia ilipe ziada ya kila usiku kwa dirisha la kutazama kitu hicho hicho wakati wamelala.

Wilaya ya 12 inafaa kwa sababu nyingine. Kuna soko la Aligre, linalofunguliwa kila asubuhi isipokuwa Jumatatu; kuna bustani ndefu iliyopandwa juu ya reli ya zamani, inayoanzia karibu na Bastille kuelekea Vincennes, ambapo watoto hutembea bila kuogopa magari; na mwishoni kuna msitu wa Vincennes wenye ziwa la Daumesnil na bustani kubwa ya wanyama. Familia zilizoahidi watoto siku moja ya Disneyland zitazame kituo cha Nation, kwa kuwa treni ya RER A, yaani mojawapo ya treni zinazounganisha jiji na viunga vyake, hutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye lango, na kutobadilisha treni pamoja na watoto waliochoka saa tatu za usiku ni neema. Ningewasihi pia wakwepe, kadiri wawezavyo, kubadilisha treni Châtelet–Les Halles, ambako njia za chini ni ndefu na watu ni wengi mno.

Mitaa mingine nitaipitia kwa ufupi. Wilaya ya 7, penye Mnara, ni tulivu na salama, lakini ni ghali, na familia huutembelea Mnara siku moja katika safari nzima. Montmartre, katika wilaya ya 18, ni mtaa mzuri wa kuutembelea asubuhi, lakini ni kilima chenye ngazi kila upande, na simshauri mwenye mtoto wa kubebwa kulala juu yake. Chini ya kilima, Château Rouge, kuna soko la Waafrika ambako ndugu zetu wa Kongo hupata kisamvu, samaki wa kukaushwa na ndizi. Nenda ukanunue, kwani njia ya 4 inafika hapo, lakini msongamano wake ni mkubwa mno kwa mgeni kuufanya makazi. Kuhusu Gare du Nord, mliyoipendekeza kwa unafuu, ni kweli kwamba hoteli ni nyingi na treni ya RER B kutoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle husimama hapo. Hata hivyo, kituo hicho kina shughuli usiku na mchana, vibaka huwasubiri wageni wenye mabegi na simu mkononi, na bustani ya watoto iliyo karibu si rahisi kuipata. Watu wanne wanaotoka uwanjani wakiwa na mabegi wafikirie teksi, ambayo kwa bei za mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwenda ukingo wa kulia wa Seine, yaani kaskazini, na euro 65 kwenda ukingo wa kushoto, yaani kusini, bei iliyowekwa na serikali na isiyobadilika kwa sababu ya foleni. Teksi hiyo huifikisha familia mlangoni pa wilaya yoyote, na hoja ya kulala kituoni inapungua nguvu.

Nje ya Périphérique pia kuna nafasi, na hapa mambo yamebadilika kwa faida ya familia. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya metro na treni ina bei moja kwa mkoa mzima, ambayo ilianza kwa euro 2.50, isipokuwa safari za viwanja vya ndege, na watoto wa chini ya miaka minne hawalipi. Kwa hiyo mji wa Vincennes, ulio mwisho wa njia ya 1 inayokwenda moja kwa moja hadi Louvre, au Villejuif iliyo kwenye njia ya 14, hauna adhabu ya nauli ya mbali. Lakini hoteli za rahisi zilizojazana kuzunguka uwanja wa Charles de Gaulle ni mtego, kwa sababu tiketi ya treni ya uwanjani ilikuwa euro 13 kwa mtu mwaka huo huo wa 2025, na familia isiyo na kadi ya wiki itakayoilipa kwenda na kurudi kila siku itakuwa imekwisha kuupoteza unafuu wote kabla ya siku ya tatu.

Limebaki suala la karatasi, ambalo kwa msafiri wa Afrika Mashariki haliwezi kutengwa na suala la malazi. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, hudai uthibitisho wa mahali pa kulala kwa usiku wote wa safari, pamoja na bima ya angalau euro 30,000, na ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi chini ya kumi na miwili. Maana yake ni kwamba familia huchagua mtaa kabla ya kujua kama itasafiri, na ndiyo sababu nasisitiza nafasi inayoweza kufutwa bila kupoteza fedha, tena nafasi ya kweli, kwa vile karatasi za kughushi zinazouzwa na baadhi ya mawakala zinaweza kuiletea familia nzima kunyimwa viza. Atakayefikia kwa ndugu atahitaji hati ya ukaribisho inayotolewa na manispaa ya mwenyeji, ambaye hulipia stempu ya euro 30 na kuonyesha kwamba nyumba yake inatosha. Manispaa nyingine huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ndugu aambiwe mapema. Kwa nyumba za kupanga kwa siku chache, Paris hudai kila tangazo liwe na namba ya usajili, na mwenye nyumba anayokaa mwenyewe, tangu mwaka 2025, haruhusiwi kuipangisha kwa zaidi ya siku 90 kwa mwaka. Tangazo lisilo na namba hiyo, na mwenye nyumba anayeomba fedha zitumwe kwa njia ya simu nje ya tovuti aliyoitangazia, ni mambo ya kuachana nayo hata kama picha zinapendeza.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni kwamba makala zenu zijazo kuhusu miji ya Ulaya zitaje wilaya kwa namba, kituo cha treni au basi kilicho karibu, kama jengo lina lifti, kama nyumba ina jiko, na mahali watoto watakapocheza mvua ikinyesha. Naomba pia makala za likizo ya Juni zichapishwe mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa ombi la viza hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na nafasi za nyumba zenye lifti kwa watu watano au sita huwa za kwanza kwisha.

Msomaji wenu,
Créteil, Ufaransa